Shangazi Alipotua Mara Tatu

Kuna siku ndege yenye abiria hamsini na wawili, milango imefungwa na injini zote nne zinaunguruma, ilizuiwa kuondoka na mwanamke mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio. Alisimama mbele ya pua ya ndege, mkono mmoja umeshika kitambaa cha kichwa kisipeperushwe, mwingine umenyanyua daftari juu kama refa mwenye kadi. Rubani akafungua kidirisha chake.

"Kuna nini?" akapiga kelele.

"Hujaweka tarehe!" mwanamke naye akapiga kelele.

Injini zikazimwa, ngazi ikarudishwa, rubani akashuka huku abiria wamebandika nyuso madirishani, akaweka tarehe, akapanda tena. Safari ilichelewa dakika kumi na nne, na dakika hizo kumi na nne nazo zikaandikwa.

Huyo ndiye Mama Daftari.

Kwa miaka thelathini na minane alitunza madaftari ya ndege katika chumba kimoja nyuma ya karakana, chumba ambacho dirisha lake lilitazama rundo la matairi. Kulikuwa na makabati manne ya chuma, meza, stuli mbili, na feni ya dari iliyofungwa kwa waya baada ya kuonyesha dalili za kutaka kupaa yenyewe. Kulikuwa pia na birika la umeme, ambalo alilifungulia kadi yake: lilinunuliwa lini, lilibadilishwa waya lini, limechemsha mara ngapi. Hilo la mwisho mafundi walisema ni uzushi, lakini hakuna aliyethubutu kwenda kuitazama kadi.

Watu wengi hudhani ndege huruka kwa mabawa. Mama Daftari alishawaeleza watoto wake, majirani wa pande zote mbili na kinyozi wa mumewe kwamba ndege huruka kwa karatasi. Kila kipande kina umri wake, na umri huo lazima uandikwe. Pampu huhesabiwa saa ilizofanya kazi. Miguu, yaani zile nguzo za chuma zinazobeba magurudumu, haijali saa wala miaka. Yenyewe huzeeka kwa kutua. Safari ikiisha na ndege ikashuka, hiyo ni moja. Rubani akiwa mazoezini, akagusa ardhi, akaongeza moto akapaa tena kuzunguka uwanja, hiyo nayo ni moja. Ila ndege ikidunda tu wakati wa kushuka, hata mara ngapi, yote ni moja ile ile. Waliotengeneza ndege wameandika kikomo kitabuni, na ukikifikia kikomo, basi, asante kwa huduma yako.

Na kilichoandikwa hakifutwi. Katika chumba kile hapakuwa na kifutio, na fundi yeyote aliyeingia na kalamu ya risasi aliombwa aiache mlangoni pamoja na viatu vyenye grisi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili kosa lenyewe liendelee kusomeka, unaandika pembeni lililo kweli, unatia jina, saini na tarehe. Mwenye ruhusa ya kufanya hivyo ni mtu mmoja tu: yule aliyetia saini mara ya kwanza.

Kati ya ndege zote zilizopita mikononi mwake, ilikuwepo moja ambayo hakuna aliyeiita kwa namba yake. Iliitwa Shangazi. Ilisikika dakika tano kabla haijaonekana, ilikuja na mizigo isiyo na idadi, na ilipofika kila mtu alijikuta amenyoosha shati.

Shangazi alizaliwa kiwandani katikati ya karne iliyopita, zama zile watu walipovaa tai ili kupanda ndege. Alikuwa na injini nne za tabaini, aina mpya isiyotikisika, kila moja na pangaboi lake, na madirisha makubwa ya umbo la yai. Ndege nyingine za siku hizo zilimtikisa abiria mpaka meno yakajuana upya. Ndani ya Shangazi, watu wenye kupenda kujionyesha walisimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza, angani, na sarafu haikuanguka. Daftari lake la kwanza, lenye jalada la ngozi, ni la ujana mtupu: wakubwa wa serikali, maharusi, timu ya mpira iliyokwenda ikiimba na kurudi kimya.

Kisha zikaja jeti, Shangazi akavuliwa viti, akaanza maisha ya pili. Akabeba vifaranga elfu sita kwa mkupuo, wakalia safari nzima kwa sauti moja hata rubani akashindwa kusikia mnara wa kuongozea ndege unamwambia nini. Akabeba magodoro, magazeti, vioo vya madirisha ya hospitali. Akabeba sarakasi nzima isipokuwa tembo, ambaye walimpima, wakampima tena, wakakubaliana aende kwa barabara. Mara mbili aliazimwa nchi za mbali, na kila aliporudi alikuwa na rangi mpya juu ya ile ya zamani, na kurasa zake zimeandikwa kwa lugha za huko. Hivyo ndivyo Mama Daftari alivyojifunza kusema "kuvuja" kwa lugha tano. Kuomba maji ya kunywa hajui hata kwa moja, lakini mpeleke popote duniani mafuta yakivuja, ataeleweka.

Siku Shangazi alipotua kwa mara ya elfu ishirini, ambayo ndiyo ilikuwa kikomo cha miguu yake, aliegeshwa nyuma ya karakana, mbele kabisa ya dirisha la Mama Daftari, akaficha yale matairi. Miguu mingine ya aina hiyo haikupatikana tena duniani. Alikaa pale miaka miwili. Kila Jumatano Fundi Mkuu, mtu mrefu aliyepinda shingo kwa kuzoea kupita chini ya mabawa, alipanda akawasha injini moja baada ya nyingine.

"Damu itembee," alisema.

"Saa ngapi umewasha, saa ngapi umezima?" Mama Daftari aliuliza kupitia dirishani, kalamu tayari.

Mambo yakabadilika mwezi mmoja wenye barua mbili. Barua ya kwanza ilitoka kwa mwenye ndege: wakata vyuma watafika mwisho wa mwezi kumkata Shangazi auzwe chakavu. Barua ya pili ilitoka chuo cha ufundi cha mji mwingine, safari ya dakika arobaini angani: wana uwanja mdogo, wana wanafunzi mia mbili, na hawana hata injini moja ya kufundishia, je, Shangazi hawezi kuja kustaafia kwao? Mwenye ndege akasema mchukueni, ila aondoke kabla ya wakata vyuma kufika, maana ameshawapa neno lake. Kumpeleka kwa barabara haikuwezekana bila kumkatakata, kwa hiyo ingekuwa kazi ile ile ya wakata vyuma, na nauli juu. Ilihitajika safari moja ya angani na kutua mara moja.

Mkaguzi wa ndege akaitwa. Alikuwa mtu wa miwani, aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno lake nalo lina kikomo cha matumizi. Akamzunguka Shangazi asubuhi nzima, akamgonga, akamsikiliza, akalala chali chini ya tumbo lake.

"Injini nzuri," akasema alipoinuka. "Mabawa mazuri kuliko ya ndege zilizozaliwa juzi. Miguu je?"

"Miguu ukiitazama utaipenda," akasema Fundi Mkuu.

"Sikuja kupenda. Imetua mara ngapi?"

Wote wakamgeukia Mama Daftari. "Elfu ishirini," akasema.

"Na inaruhusiwa ngapi?"

"Elfu ishirini."

Mkaguzi akafikiri. "Basi kupaa anaweza. Shida ni kwamba hataruhusiwa kushuka."

"Mkaguzi, jamani, moja tu!"

"Ingekuwa elfu kumi na tisa mia tisa tisini na tisa, ningetia saini sasa hivi, juu ya mgongo wako. Lakini ni elfu ishirini." Akafunga mkoba wake. "Nitapita tena wiki ijayo kwa kazi nyingine. Kukiwa na habari mpya, nipo. Kukiwa na hadithi, sipo."

Fundi Mkuu akavua kofia akakaa juu ya ngazi ya magurudumu. Mama Daftari alirudi chumbani, akawasha birika, akasahau kulihesabu. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine karakanani aliyelijua: ile elfu ishirini ilikuwa imezidi kwa mbili, na mbili hizo alizitia yeye kwa mkono wake.

Ilikuwa siku yake ya tatu kazini, ana umri wa miaka ishirini na mmoja. Shangazi alikuwa amebadilishiwa injini na ilibidi arushwe bila abiria kujaribiwa. Mkubwa wake wa wakati huo akamwambia, "Wewe unayetaka kuandika ndege, hebu kwanza ipande." Akapandishwa na daftari mapajani, akafungwa mkanda kiti cha nyuma.

Rubani alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu ambaye tayari watu walimwita Kapteni Hariri. Jina lilitoka kwa abiria. Alitua laini mno hata waliolala waliendelea kulala, ikabidi mhudumu apite kiti kwa kiti kuwaambia wamefika. Asubuhi ile, sijui ni upepo wa ubavuni, sijui ni wepesi wa ndege isiyo na mzigo, Shangazi aligusa ardhi, BU, akarudi hewani kama aliyekanyaga kaa la moto. Kalamu ikamtoka binti mkononi. BU, mara ya pili, kalamu ikamrudia. Mara ya tatu, bu, ndege ikaghairi kurukaruka ikaenda zake taratibu mpaka ikasimama.

Kapteni akatoka mbele, amenyooka, kofia kichwani, akaketi kando ya binti. Alipofungua mdomo alizungumza kama mtu mwenye tonge la moto.

"Andika kutua mara tatu, binti. Nilikuwa nafanya mazoezi. Nagusa, napaa, nagusa."

"Zote tatu ndani ya dakika moja, Kapteni?"

"Mimi nafanya haraka."

Binti akaandika tatu. Kapteni akatia saini. Jumapili iliyofuata, kwa wema uliozidi kidogo, akamwalika chakula cha mchana nyumbani kwake. Huko binti akakutana na mdogo wake Kapteni, fundi wa redio, aliyetaka kumkaribisha maji akayamwaga yote mapajani mwake, akakimbilia kitambaa, akarudi na soksi. Baada ya miezi minane wakaoana. Kwa hiyo watoto watatu wa Mama Daftari na wajukuu wake watano walipatikana kwa njia ya uwanja wa ndege, daftari la saba, ukurasa wa sitini na moja. Ndio ulikuwa uongo pekee katika makabati manne.

Jioni ile alimweleza mumewe, ambaye alikuwa ameinamia redio ya jirani.

"Kwa hiyo mimi nimetokana na ndege kudunda?" mumewe akauliza.

"Wewe ulikuwepo. Ndoa ndiyo imetokana na ndege kudunda."

Akaweka bisibisi chini, akafikiri, akacheka mpaka redio ikashika stesheni. "Sasa nani atamwambia kaka?"

"Mimi. Kesho."

"Nakuja. Hata ukinifungia ndani nitatoka dirishani."

Kapteni Hariri alikuwa na miaka sabini na mmoja, na alikuwa amestaafu pamoja na sifa yake. Kibao cha mlangoni kiliandikwa Kwa Hariri. Mapazia yalikuwa ya hariri, ingawa yalichuja rangi. Katika kila sherehe ya familia alijaza glasi ya maji mpaka ukingoni, akaibeba kutoka jikoni hadi sebuleni bila kudondosha tone, kisha akasema, "Nilikuwa natua hivi." Watoto walipiga makofi. Watu wazima walipiga pia, maana asipopigiwa alirudia.

Mama Daftari akaketi, akaliweka daftari la saba juu ya meza, akafungua ukurasa.

"Shemeji, Shangazi anakatwa. Kinachomwokoa ni wewe kukubali kwamba siku hii hukufanya mazoezi. Ulidunda."

"Mimi?" Kapteni akamtazama mdogo wake, kama anayetafuta shahidi. "Kudunda? Shem, umekunywa dawa gani?"

"Hii ni karatasi ya mnara. Umegusa saa nne na dakika kumi na saba. Umegusa tena, saa nne na dakika kumi na saba. Na tena. Saa nne na dakika kumi na saba."

"Saa za mnara enzi zile zilikuwa na matatizo."

"Kuzunguka uwanja mara moja ni dakika sita, shemeji."

"Kwa rubani wa kawaida."

Mdogo wake akaingiza uso kwenye mto wa kochi. Mabega yalimtikisika.

"Na hii hapa," Mama Daftari akaendelea, "ni kadi ya kesho yake. Fundi wa wakati huo ameipima miguu yote, ameifungua, ameikuta salama. Lakini pale pa kuandika sababu ya kupima ameacha wazi. Nani alimwomba?"

Kapteni akatafuta kitu cha kutazama ukutani. Wakati huo mkewe, ambaye Mama Daftari alimwita dada, akaingia na sinia la chai.

"Mnaongelea siku ya uji?" akauliza.

Mama Daftari akamgeukia.

"Siku gani ya uji, dada?"

"Siku aliyorudi amejiuma ulimi. Kanywa uji siku tatu, kwa mrija. Akaniambia kang'atwa na nyuki."

"Nyuki?" mumewe Mama Daftari akauliza kutoka ndani ya mto. "Ndani ya ndege?"

"Angani huko huko. Na mimi bibi harusi wa miezi miwili, ningebisha? Nikakoroga uji." Akamimina chai. "Nilijua. Mhudumu wa mnara alikuwa binamu yangu. Sukari ngapi, shem?"

Hapo wote watatu wakacheka kwa mkupuo, kikombe kimoja kikapinduka, na Kapteni mwenyewe ukingo wa mdomo ukamcheza. Lakini hakucheka. Aliinuka akaenda dirishani, akalishika pazia lake.

"Chekeni," akasema. "Mimi dunia imenipa kitu kimoja. Hakuna abiria anayeujua uso wangu. Wanachokijua ni kwamba hawakushtuka. Nikitia saini hiyo, mpaka jioni karakana nzima itajua, kesho mji mzima, na hiyo glasi ya maji sitaibeba tena."

Mama Daftari akaacha kucheka. "Na mimi je? Mimi wananijua kwa kitu gani? Hiyo tatu ni mwandiko wangu, shemeji. Nilikuwa nimekaa pale, nilijua, nikaandika. Ukitia saini yako, na mimi natia yangu, mbele ya Mkaguzi. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Tutaanguka wote."

Kapteni akazidi kulikunja na kulikunjua pazia. Chai ikapoa.

"Hao wakata vyuma," akasema hatimaye bila kugeuka, "wanaanzia wapi?"

"Fundi Mkuu aliwauliza. Wanaanzia puani."

"Kwenye chumba cha rubani?"

"Ndiyo."

Kapteni Hariri akaliachia pazia. "Mke wangu, sare yangu iko wapi?"

Sare ilikuwa kabatini, imehifadhiwa vizuri, ila ilikuwa imehifadhiwa kwa ajili ya mtu mwembamba zaidi. Wiki iliyofuata aliingia nayo katika chumba cha Mama Daftari, vifungo viwili vimefungwa na vitatu vimesamehewa. Mkaguzi alikuwa kwenye stuli moja. Fundi Mkuu alisimama mlangoni, na nyuma yake kulikuwa na mafundi kumi na wawili ambao wote, kwa bahati, walikuwa wanatafuta spana ile ile.

Mkaguzi akasoma karatasi ya mnara. Akasoma kadi ya kupimwa miguu, mara mbili. Akasoma ukurasa wa sitini na moja.

"Kwa hiyo hizi tatu ni moja."

"Ni moja," akasema Kapteni. "Ila ndefu."

"Ndege ilidunda?"

"Ilidunda."

"Mara mbili, baada ya kugusa mara ya kwanza?"

"Mkaguzi, unataka niimbe?"

Kapteni akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya ile tatu, akaandika moja, jina, saini, tarehe. Mstari ulikuwa laini kama kutua kwake kwa zamani. Mama Daftari akaandika chini yake, kwa mwandiko ule ule wa siku zile ulionenepa kidogo, kwamba alikuwepo, alijua, na aliandika kinyume. Kisha akajumlisha upya kurasa zote zilizofuata, na hiyo ilimchukua siku nzima, kwa sauti, huku Mkaguzi akifuata kwa kidole. Walipofika mwisho: elfu kumi na tisa, mia tisa tisini na nane.

"Zimebaki mbili," akasema Mkaguzi. Akatoa kibali, akakigonga muhuri. Kisha akatoa karatasi nyingine. "Na hili ni onyo lako, mama. Limechelewa miaka thelathini na minane."

Mama Daftari alilipokea kwa mikono miwili, akalisoma taratibu mpaka chini. Fundi Mkuu akadhani atalia. Mama Daftari akamrudishia Mkaguzi karatasi yake.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Kapteni alikosea jambo moja tu: karakana haikungoja mpaka jioni. Alipotoka mlangoni, mafundi kumi na wawili walijipanga mstari, wakapiga saluti, na kwa pamoja wakaruka juu ya vidole vyao, kwanza kwa nguvu, tena kwa nguvu, mara ya tatu kidogo tu. Kapteni akasimama. Uso ukamwiva. Akawatazama mmoja mmoja, akairekebisha kofia, kisha naye, na uzee wake na vifungo vyake viwili, akaruka, BU, BU, bu. Kifungo kimoja kikaenda zake. Wakambeba mabegani mpaka getini, akiwaamuru wamshushe na kuwaonyesha njia ya mbali zaidi.

Alhamisi asubuhi Shangazi akaoshwa. Mapangaboi manne yakazunguka, na moshi mweupe ukatoka, na nyasi zote nyuma yake zikalala. Mbele aliketi rubani mwanamke wa miaka thelathini na minne, wa mwisho aliyewahi kumrusha Shangazi na mizigo, na msaidizi wake. Fundi Mkuu alikaa nyuma yao. Huku nyuma, ambako kulibaki viti vinne tu, walikaa Kapteni Hariri na Mama Daftari, pamoja na masanduku sita ya madaftari yaliyofungwa mkanda vizuri kuliko binadamu.

Wakapaa. Walipofika juu ya mawingu, Kapteni akatoa sarafu mfukoni, akaisimamisha kwa ukingo wake juu ya sanduku la madaftari. Ikasimama. Miaka hamsini na nane, rangi tano, vifaranga wasiohesabika, na sarafu imesimama. Wakaitazama bila kupumua, kisha wakaanza kucheka kama watoto waliokaa nyuma ya darasa, hata Fundi Mkuu akageuka kutazama kuna nini, akaiona, akatoa kitambaa akajifanya anafuta miwani ambayo hakuivaa.

Baada ya dakika thelathini na nane wakaona uwanja wa chuo, mdogo, na kandokando wanafunzi mia mbili wanapunga mikono. Shangazi akashuka. Kapteni akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinaendesha kiti.

BU.

Halafu, baada ya kimya kifupi kilichojaa hewa, bu.

Sarafu ikaanguka, ikabingirika katikati ya ndege mpaka mbele, ikagonga mlango wa rubani. Shangazi akaenda, akapunguza, akasimama. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine. Rubani akafungua mlango, akaiona sarafu miguuni pake, akainua macho akamwona Mama Daftari: daftari mapajani, kalamu mkononi, anangoja.

"Mama," rubani akaanza, "pale mwisho nilikuwa naja..."

"Usithubutu!" Kapteni Hariri akafungua mkanda. "Mwanangu, nisikilize mimi. Sema leo, sasa hivi, ukiwa bado kijana."

Rubani akaiokota sarafu. "Nilidunda."

"Wa nje hawajasikia."

"Nilidunda!"

Mlango wa nje ulikuwa umeshafunguliwa. Wanafunzi mia mbili wakalipuka kwa shangwe. Hawakujua wanashangilia nini, walijua tu kwamba ndege ni yao. Mama Daftari akaandika: kutua, mara moja. Akampa rubani atie saini, akahakikisha tarehe, akajumlisha.

"Elfu kumi na tisa, mia tisa tisini na tisa," akasoma. "Imebaki moja."

Kapteni Hariri alikuwa amekwisha simama. Alikuwa anatazama mbele kupitia ule mlango ulioachwa wazi, kiti cha rubani kitupu, usukani, na ule uwanja mfupi ulionyooka.

"Shemeji," akasema Mama Daftari, akilifunga daftari. "Usifikirie."

"Nani kafikiria?" akajibu Kapteni, na akakaza kifungo chake kilichobaki.